Benki imenikatalia kadi ya mkopo: nikate rufaa au niombe upya?

Msomaji ameandika hivi:

"Shikamoo. Nafanya kazi kampuni ya uwakala wa forodha Kurasini, naishi Tabata. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 1,500,000 na unapitia benki hiyohiyo, huu mwaka wa tatu. Niliomba kadi ya mkopo yenye ukomo wa milioni 3 kwa sababu nategemea kuanza kusafiri kikazi, na hoteli nyingi za nje zinataka kadi ya aina hiyo. Nimejibiwa kwa ujumbe wa simu kwamba maombi yangu hayakukidhi vigezo vya benki. Basi, hakuna zaidi. Nina mkopo mmoja tu wa benki, nakatwa 300,000 kwa mwezi, na kuna makato ya HESLB, ule mkopo wa elimu ya juu. Sijawahi kuchelewesha rejesho. Tawini wanasema uamuzi umetoka makao makuu na wao hawana la kufanya. Mkataba wangu ni wa miaka miwili miwili, huu wa sasa umebakiza miezi saba. Naweza kukata rufaa? Kwa nani, na niseme nini?"

Marahaba, dada yangu. Ndiyo, unaweza kuitaka benki ipitie upya uamuzi wake, na ofisa wa tawi anayekuambia hana la kufanya anazungumzia mamlaka yake yeye, hazungumzii haki yako wewe. Lakini kabla hujashika kalamu, kuna kazi moja ya kufanya: kujua umekwama wapi. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, nikisoma barua za wateja waliokataliwa. Nyingi zilikuwa za kusikitisha na za heshima, na hazikubadilisha kitu, kwa sababu mwandishi alikuwa anaomba huruma mahali panapohitaji taarifa. Uamuzi ulitolewa kwa kutazama taarifa fulani. Kama hujaleta taarifa mpya au kusahihisha iliyokosewa, anayepitia upya ataona kilekile alichokiona mwenzake na kufika palepale.

Tuanze na hesabu yako, maana umenipa tarakimu na nadhani ndani yake kuna sehemu kubwa ya jibu.

Kwenye 1,500,000, mchango wako wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10 ni 150,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye kinachobaki, yaani 1,350,000: kwa viwango vya sasa ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, pamoja na asilimia 30 ya zile 350,000 zilizozidi, ambayo ni 105,000. Jumla 233,000. HESLB hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwako ni 225,000. Ukitoa vyote hivyo unabaki na 892,000. Toa rejesho la 300,000, unabaki na 592,000.

Sasa ingia kwenye kichwa cha mchambuzi wa mikopo. Kwa watumishi wa umma kanuni inayojulikana ni kwamba makato yote yakishatoka, angalau theluthi moja ya mshahara ibaki mikononi mwa mfanyakazi. Benki nyingi hutumia kipimo hicho, au kikali kuliko hicho, hata kwa wa sekta binafsi kama wewe. Theluthi ya 1,500,000 ni 500,000. Maana yake nafasi yako iliyobaki kwa deni jipya ni 92,000 kwa mwezi. Hiyo tu.

Na kadi ya mkopo haihesabiwi kama watu wengi wanavyodhani. Wewe unasema moyoni, "Nitaitumia hotelini tu, mwisho wa mwezi nalipa." Benki inasema, "Kesho asubuhi anaweza kutumia milioni zote tatu." Kwa hiyo huchukua asilimia fulani ya ukomo mzima na kuihesabu kama rejesho la kila mwezi, hata kama kadi itakaa kabatini. Asilimia hiyo hutofautiana kati ya benki na benki. Tuseme yako inatumia 10: ukomo wa milioni 3 unakuwa mzigo wa 300,000 kwenye nafasi ya 92,000. Hapo mfumo wa kompyuta umekukataa kabla binadamu hajaisoma fomu. Ukomo wa 800,000, kwa kipimo hichohicho, ni 80,000, na unapita.

Nimekaa sana kwenye hili kwa sababu linabadilisha ombi lako zima. Inawezekana hukukataliwa wewe, ulikataliwa ule ukomo. Na benki nyingi haziandiki "tungekupa milioni moja", zinaandika "hapana". Kwa safari ya kikazi, kinachokubana hotelini ni ile amana wanayoizuia kwenye kadi unapofika na kuiachia ukiondoka. Piga hesabu ya siku utakazolala na amana hiyo, uone kama kweli unahitaji milioni 3. Posho yako pia usiitegemee kwenye hesabu hii. Hata kama kila mwezi unapata ya kutosha ya usafiri na saa za ziada, wachambuzi wengi huiweka pembeni au huhesabu sehemu yake tu, kwa kuwa mwajiri anaweza kuifuta wakati wowote.

La pili ni mkataba. Miezi saba iliyobaki inaonekana fupi mno kwa kadi inayodumu miaka kadhaa. Hapa ndipo una taarifa mpya ya kweli ya kupeleka, kwa sababu mkataba huu si wa kwanza, umeshahuishwa. Fomu ya maombi kwa kawaida inauliza tarehe ya kuisha kwa mkataba, haiulizi umehuishwa mara ngapi. Nenda kwa ofisa rasilimali watu wako, omba barua yenye muhuri inayotaja tarehe uliyoanza kazi, kwamba mkataba ulihuishwa, na kama mwajiri yuko tayari kuandika, kwamba hana mpango wa kuuacha uishe. Sentensi hiyo ya mwisho waajiri wengi wanaiogopa. Usilazimishe, mambo mawili ya kwanza yanatosha kuonyesha mwendo. Kama unaweza kuhuisha mapema, afadhali zaidi, na hapo nitakushauri usubiri mkataba mpya ndipo uandike.

Uliza pia kama kampuni yenu ipo kwenye orodha ya waajiri ambao benki ina makubaliano nao. Kampuni ndogo za uwakala wa forodha mara nyingi hazimo, na baadhi ya benki hazitoi bidhaa za mkopo zisizo na dhamana kwa mfanyakazi wa mwajiri asiye na makubaliano. Kama ndicho kilichokukwamisha, hakuna barua yako binafsi itakayokitatua. Mwajiri ndiye anayepaswa kuzungumza na benki, au wewe uende benki ambayo tayari inamtambua.

Sasa tuje kwenye lile linalowashtua watu: taarifa zako za mikopo. Unasema hujawahi kuchelewa, nami nakuamini. Lakini taarifa iliyoko kwenye mfumo inaweza kusema vingine. Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za mikopo, na kanuni za mwaka 2012 ziliweka utaratibu wa taasisi zinazokusanya taarifa hizo na kutoa ripoti kwa wakopeshaji. Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet ndizo zilizopewa leseni za mwanzo. Benki ikipokea fomu yako, inavuta ripoti. Ndani yake kuna mikopo uliyoikumbuka na usiyoikumbuka.

Usiyoikumbuka ni ipi? Kwanza, mikopo ya simu. Ile ya kukamilishia muamala pale salio linapopungua, na ile midogo ya siku kadhaa, nayo ni mikopo, na nyuma yake kuna benki au mkopeshaji mwenye leseni. Elfu 15 uliyoisahau kwenye laini uliyoacha kuitumia haihesabiwi kwa ukubwa wake, inahesabiwa kwa siku zake. Ikipita siku 90 bila kulipwa, deni linaingia kundi la mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, na mchambuzi akiona neno hilo haangalii kama ni elfu 15 au milioni 15.

Pili, laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) lakini anazitumia mtu mwingine. Hapa Dar tunasajiliana laini kwa wema: mdogo wako, dada wa kazi, shemeji aliyefika kutoka mkoani kabla kitambulisho chake hakijatoka. Akikopa kwenye laini ile, anayedaiwa ni wewe. Piga *106# sasa hivi uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukaikane, na uliza kama ina deni.

Tatu, udhamini. Kama ulimdhamini mwenzako kwenye SACCOS au benki naye amesuasua, unaweza kulikuta jina lako kwenye deni lake. Na nne, mkopo ulioumaliza lakini ukaachwa na kisalio kidogo cha riba au ada ambacho hakuna aliyekuambia. Hii ya nne inaniuma kuliko zote. Mtu amelipa miaka mitatu bila kukosa, halafu elfu chache zisizo zake zinamchafulia jina. Ndiyo maana nawasihi watu wote: ukimaliza mkopo wowote, usiondoke bila barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, na uitunze.

Kwa hiyo omba ripoti yako mwenyewe. Unaweza kuiomba kwa taasisi yenyewe ya taarifa za mikopo ukiwa na kitambulisho cha taifa, au kuanza kwa kuuliza benki ilivuta ripoti kutoka taasisi ipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Sheria hiyohiyo inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: una haki ya kutaka uamuzi unaokuathiri kwa uzito usitegemee kompyuta tu. Watu wachache sana wanaitumia haki hii, na kwa maombi ya kadi, ambayo mengi yanachujwa na mfumo kwanza, naona ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye barua yako.

Ukiisoma ripoti, angalia na jina lako. Herufi moja iliyotofautiana kati ya NIDA, mwajiri na benki, au mpangilio wa majina matatu uliogeuzwa, inaweza kukuunganisha na deni la mtu mwingine au kuufanya mfumo usikuone kabisa. Ukikuta kosa, malalamiko ya kurekebisha yanakwenda kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa hiyo na kwa taasisi ya taarifa za mikopo, yote mawili kwa maandishi. Usiharakishe rufaa ya kadi kabla marekebisho hayajaonekana. Benki itavuta ripoti upya na kukuta kosa lingali pale.

Sasa barua. Hatua ya kwanza ni barua fupi ya kuuliza sababu. Iende kwa meneja wa tawi, nakala kitengo cha malalamiko cha benki, na wakupigie muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila muhuri huo, miezi miwili baadaye hutakuwa na ushahidi kwamba uliandika. Ukituma kwa barua pepe, omba namba ya lalamiko. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinazitaka benki ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba haupo.

Ukishapata sababu, au ukishazungushwa kiasi cha kutosha, andika ya pili. Ningeiandika hivi:

"YAH: OMBI LA KUPITIA UPYA UAMUZI WA MAOMBI YA KADI YA MKOPO, KUMBUKUMBU NA. …

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe … niliarifiwa kwa ujumbe wa simu kwamba maombi yangu hayakukidhi vigezo. Naomba yapitiwe upya na ofisa wa mikopo, si kwa mfumo peke yake, kwa kuzingatia mambo matatu ambayo hayakuwepo kwenye maombi ya awali.

Kwanza, napunguza ukomo ninaouomba kutoka 3,000,000 hadi 800,000. Hati ya mshahara niliyoambatisha inaonyesha kwamba baada ya makato yote nabaki na 592,000. Pili, mkataba wangu wa ajira umekwisha kuhuishwa mara moja, na barua ya mwajiri imeambatishwa. Tatu, ripoti ya taarifa zangu za mikopo ya tarehe … haina deni lililochelewa, nakala imeambatishwa.

Endapo ombi hili halitakubaliwa, naomba kufahamishwa kwa maandishi kigezo ambacho sikukitimiza, na taarifa iliyotumika kufikia uamuzi huo pamoja na chanzo chake."

Ukurasa mmoja. Usieleze kwamba umekuwa mteja mwaminifu, mfumo wao unajua umekaa muda gani. Usiandike kuhusu matatizo ya nyumbani, na usitishie kuhamisha mshahara wako. Kama una mpango wa kuuhamisha, uhamishe, lakini kwenye barua tishio hilo linamfanya ofisa akuone kama mtu ambaye rejesho lake litahama naye. Ambatisha hati za mshahara za miezi mitatu, statimenti ya miezi sita, barua ya mwajiri na ripoti. Na kama lile deni la 300,000 limebakiza miezi michache, liseme kwenye barua, taja na mwezi litakapoisha. Hiyo ni taarifa nzito kuliko zote, maana inafungua 300,000 nzima kwenye hesabu yako.

Benki ikinyamaza au ikikujibu bila kugusa ulichouliza, mlango unaofuata ni Benki Kuu. Ina dawati la kupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na kwa sisi wa Dar ofisi zake ziko Mtaa wa Mirambo. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa benki yako na ulijibiwa nini, na ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi. Lakini niwe mkweli kwako: Benki Kuu haitailazimisha benki ikupe kadi. Kukopesha au kutokopesha ni uamuzi wa kibiashara wa benki. Inachoweza kuhoji ni mwenendo, yaani kama umejibiwa, kama lalamiko limeshughulikiwa, na kama taarifa iliyotumika ni sahihi. Kwa suala la taarifa binafsi peke yake, kama umenyimwa kuziona au wamekataa kuzirekebisha, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wakati unasubiri, usiombe kadi benki nyingine nne. Najua hasira ya kukataliwa inavyomsukuma mtu, lakini kila maombi huacha alama ya kuulizwa kwenye ripoti yako, na mchambuzi akiona umeulizwa na benki kadhaa ndani ya mwezi mmoja anahisi unatafuta fedha kwa dhiki. Usimlipe pia mtu anayesema ana ndugu makao makuu, au anayejitangaza mitandaoni kwamba anasafisha majina kwenye taarifa za mikopo. Taarifa ya kweli haifutwi kwa pesa ya pembeni, na taarifa ya uongo unairekebisha mwenyewe kwa barua. Watu hao watabaki na picha ya kitambulisho chako, na ujue la kufanyika kwa namba ya NIDA na sahihi yako ni mkopo mwingine usio wako.

Kama safari iko karibu na jibu haliji, kuna njia mbili. Uliza kama benki yako inatoa kadi ya mkopo yenye dhamana ya amana: unaweka fedha kwenye akaunti ya muda maalumu, benki inaizuia, na ukomo wa kadi unatolewa kwa kiwango cha fedha hiyo au pungufu kidogo. Hapo mshahara na mkataba havina uzito uleule, kwa sababu hatari ya benki imekwisha, na kila mwezi unaolipa kwa wakati unajenga historia utakayoitumia baadaye kuomba kadi isiyo na dhamana. Njia ya pili ni kuzungumza na mwajiri. Ukisafiri kwa kazi yake, hoteli ilipiwe na kampuni moja kwa moja kabla hujaondoka, na ile amana ya kufikia ithibitishwe kwa barua pepe na hoteli kwamba wataipokea kwa fedha taslimu au kwa kadi yako ya kawaida. Zipo hoteli zinazokubali zikiulizwa mapema, ila mapokezini saa sita usiku hutampata wa kukubaliana naye.

Anza na *106# leo na ripoti yako wiki hii. Barua ya kuuliza sababu iende hata kabla ripoti haijatoka.